Sultani amepona, lakini mapokezi yale siyasahau

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe. Wiki kadhaa zimepita, lakini kila nikimwona Sultani amejikunja kwenye kiti chake, lile neno la dada wa mapokezi linanirudia: "Dada, laki na nusu kwa paka? Si uokote mwingine, wamejaa mtaani."

Sultani ni paka dume, nimemlea tangu hajafungua macho. Jioni moja akawa anaingia kwenye mchanga wake, anajikamua, analia, anatoka bila hata tone. Nikadhani amefunga choo. Jirani akaniambia nimpe Panadol. Namshukuru Mungu sikuwa nayo ndani, maana baadaye nimekuja kuelezwa kuwa kwa paka ile ni sumu, kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Asubuhi nikampigia afisa mifugo wa kata. Mtu mwema, lakini alisema wazi yeye ni wa ng'ombe na kuku, vifaa vya paka hana. Duka la dawa za mifugo hapa Tabata wakataka kuniuzia dawa ya minyoo. Ikabidi nivuke mji mpaka kliniki ya wanyama Masaki, paka kwenye kikapu cha sokoni, bajaji kwenye foleni, jua la saa saba.

Njia ya mkojo ya paka dume ikiziba, sumu inarudi kwenye damu na moyo unaweza kusimama ndani ya siku mbili tatu. Mimi nilikuwa sijui. Yule wa mapokezi kazi yake ni hapo, wagonjwa wa namna hii anawaona. Hakukitazama hata kikapu. Aliniuliza kwanza, "Umekuja na hela?" Nikamwambia nina elfu sitini, nyingine naitafuta. Ndipo akatoa neno lake, mbele za watu. Mama mmoja aliyempakata mbwa wake akainamisha macho. Aliona aibu kwa niaba yangu.

Malipo siyakatai. Dawa ya usingizi, mrija, dripu, kulazwa, vyote ni fedha, na bima ya paka mimi sina. Lakini kwa nini usimwite daktari amguse mgonjwa wakati mwenyewe anahangaika na simu? Nilisimama pale karibu saa nzima nikipiga kwa ndugu na mafundi wenzangu, M-Pesa inaingia elfu ishirini, elfu kumi, na Sultani ameshaacha kulia. Kunyamaza kwake kulinitisha kuliko kilio.

Daktari alitokea tu, anapita zake. Akaingiza mkono kikapuni, akashika tumbo. "Mama, huyu hangoji." Akambeba palepale, amana haijatimia. Jioni alikaa na mimi akaniandikia kila gharama mstari kwa mstari, jumla 210,000. Akanieleza kuhusu fuwele kwenye mkojo, na kwamba dagaa wakavu kila siku na maji kidogo havimfai Sultani. Sasa chakula chake nakilowanisha.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiende pale. Siwezi kusema hivyo, paka wangu yuko hai. Nendeni. Ila mtafuteni daktari kabla mnyama hajaugua, muulize kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari, muulize na bei ya kuhasi, ya chanjo, ya kulaza usiku mmoja. Mimi nimeanza kibubu, elfu tano kila Jumamosi, na hakifunguliwi kwa jambo lingine.

Nasema nendeni, halafu naikumbuka ile saa nzima. Kibofu kingepasuka je? Daktari asingepita je? Hapana, mahali pale kama palivyo sasa sipasifii. Namsifu daktari peke yake, na namba yake ninayo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa imekaribia. Nitampigia nikiwa getini. Nikimkuta yule dada mezani kwake, nitafungua kikapu amwone Sultani.