Skrini za 3D bila miwani: kabla hujalipa, uliza wa pembeni yako ataona nini

Malalamiko ninayotumiwa kuhusu skrini za 3D zisizohitaji miwani yanafanana karibu yote. Mtu kanunua, kafika nyumbani, kawasha, yeye mwenyewe anafurahi maana vitu vinamtokea mpaka anataka kuvishika, halafu mwenzake aliyekaa pembeni anamwambia mbona mimi naona picha mbili zimepandana na kichwa kimeanza kuuma. Akimpigia muuzaji, simu haipokelewi. Kwa hiyo leo siongelei rangi wala mwanga wala matundu ya HDMI, hayo mtayakuta kila mahali. Naongelea kiti cha pili.

Elewa kwanza inavyofanya kazi, maana ukielewa hapa hakuna wa kukudanganya. Macho yetu yametengana kama sentimita 6 hivi, kila jicho linaona kitu kwa upande wake kidogo, ubongo unaunganisha ndo tunapata kina. Kazi ya miwani ilikuwa kulipatia kila jicho picha yake tu. Ukiitoa miwani, kazi hiyo inahamia kwenye skrini. Kuna wanaoweka pazia lenye nyufa nyembamba, jicho la kushoto linapenya ufa na kuona mistari hii, la kulia linaona mingine, ndivyo ilivyokuwa Nintendo 3DS ya 2011, na ubaya wake pazia linakula mwanga. Wengine, na ndo wengi siku hizi, wanabandika lensi nyembamba zilizopangwa wima, kila lensi inapinda mwanga wa pikseli (vile vidoa vidogo vinavyounda picha) zilizo nyuma yake na kuutupa pande tofauti. Ni teknolojia ile ile ya kadi za plastiki zenye mistari mistari, ukiigeuza kidogo picha inabadilika.

Sasa shika hili: pikseli ni zile zile, haziongezeki. Kila picha ya ziada unayotaka kuitupa upande mwingine inamegwa kwenye skrini hiyo hiyo. Toshiba walipotoa tivii yao ya inchi 55 mwaka 2011, modeli 55ZL2, walitumia paneli ya pikseli 3840 kwa 2160 ili watoe picha za pembe 9, yaani kitu kile kile kinavyoonekana kutoka pande tisa. Ukiwasha 3D unabaki na 1280 kwa 720. Piga hesabu mwenyewe, ni moja ya tisa kamili. Yaani kila pembe imelipiwa kwa pikseli, hakuna ya bure.

Kampuni za sasa zimeikwepa hesabu hiyo kijanja. Wanatoa picha mbili tu, moja kwa kila jicho, halafu kamera iliyo juu ya skrini inafuata macho yako na kuzisogeza picha uendako. Kwa mtu mmoja ni safi kweli kweli, 4K (zile zile pikseli 3840 kwa 2160) imegawanywa kwa mbili tu badala ya tisa. Ila kamera imemchagua mtu mmoja. Wa pili anapata mabaki, na hili mara nyingi hutaambiwa.

Ukienda dukani nenda na mtu. Kaa mbele, mwenzako akae ubavuni kwako, muulize anaona nini. Halafu inama kama unafunga kamba za viatu, uinuke, uone kamera inachukua muda gani kukupata tena au imeshamrukia mwenzako. Omba waweke maandishi meupe kwenye background nyeusi, angalia pembeni mwa herufi, ukiona kivuli cheupe cha herufi ile ile kimetokeza, jicho moja linavujiwa na picha ya jicho lingine, na hicho kivuli ndo kinachochosha macho. Mwisho laza kichwa begani. Lensi ziko wima, macho yakiwa moja juu moja chini 3D inakufa, so kama wewe ni mtu wa kulala ubavu kwenye kochi jiandae.

Namba moja yangu ni skrini za kampuni ya Looking Glass na sifichi, nawapenda hawa watu. Hawafuati macho ya mtu yeyote, wanatupa picha nyingi kwa wakati mmoja, mkisimama wanne mbele yake wote wanne mnaona, kila mtu kwa upande wake. Ile ya inchi 32 ya 8K waliyoitangaza 2019 ina pikseli milioni 33 na pembe 45, ukigawa kila pembe inapata kama laki saba na ushee, kwa hiyo ndiyo, picha ni laini laini, haikati kama 4K. Na filamu za kawaida za 3D zina picha mbili tu, hizo nyingine lazima programu izikisie. Kwangu bado inashinda, maana kitu cha kuangalia peke yako sebuleni ni cha nini?

Namba mbili Sony ELF-SR2 ya 2023, inchi 27, 4K. Ufuatiliaji wake wa macho ni mzuri sana, hata ukiinua kichwa unaona juu ya kitu, lakini inataka kompyuta yenye nguvu na ni ya wabunifu zaidi. Mtu mmoja.

Namba tatu Samsung Odyssey 3D ya 2025, inchi 27, 4K, hertzi 165 (yaani inabadilisha picha hadi mara 165 kwa sekunde), ya wacheza gemu, ina na programu ya kugeuza video za kawaida kuwa 3D. Skrini za Acer ziitwazo SpatialLabs ziko hapo hapo. Zote mtu mmoja.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Monita ya inchi 27 wanaiita tivii ya familia, wanakupanga mbele ya skrini peke yako, katikati, taa zinawaka ili kamera ikuone vizuri, halafu wanakutajia bei ya 4K wakati ukiwasha 3D kila jicho linapata nusu. Nusu! Waandike basi, "3D kwa mtazamaji mmoja", maneno manne tu, tuamue wenyewe na hela zetu.

Za bei rahisi sina mengi. Tableti ya Lume Pad 2 ni nzuri mkononi, na kitu cha mkononi kuwa cha mtu mmoja si kosa. Simu za zamani za 3D achaneni nazo, RED Hydrogen One ilitoka 2018 na mwaka uliofuata mradi ukafungwa, waliolipa wakabaki na skrini isiyo na kipya cha kuangalia. Zile plastiki za kubandika juu ya simu usinunue kabisa, lensi ikikaa vibaya kwa upana wa pikseli moja tu, picha yote imeharibika.