Uzoefu wangu: nilikwenda kucheza Igombe, wakamgeuza mbwa wangu fisi

Naandika hii hasira bado iko kooni. Najua wapo wenzangu waliocheza mchezo huohuo wakarudi mjini wanaimba kwenye hiace, na hata mimi kuna saa tatu za pale ambazo sitazisahau kwa uzuri wake. Nitazifikia. Lakini sianzi na uzuri.

Kwa ambaye hajawahi: michezo hii si maigizo ya jukwaani, mtazamaji hayupo. Unalipa, unapewa jina na kazi, unavaa, na kuanzia hapo wewe ndiye huyo mtu mpaka ngoma ya kufunga ipigwe. Waingereza walikuwa wakicheza hivi 1982 ndani ya ngome iitwayo Peckforton, wakipigana kwa silaha za sponji. Vijana wetu wa Mwanza hawakuhitaji ngome. Walichukua Bagika na Bagalu, wakavifanya vijiji viwili vinavyogombea ngoma ya mtemi iliyofichwa kwenye mawe, na kwa hilo nawapa heko. Aliyekulia Usukumani hahitaji kuelezwa: ni vyama vya ngoma vya tangu enzi za mababu, vinashindana baada ya mavuno, kila upande na manju wake anayeongoza ngoma, dawa zake na vituko vyake vya kuvuta watu uwanjani, chatu akiwemo. Nilipewa nafasi ya mfumu, yaani mganga, wa Bagika, yule anayejua ngoma imefichwa wapi. Nilifurahi kama mtoto aliyeshonewa nguo ya sikukuu.

Mimi sioni. Jicho la kushoto lilikwenda nikiwa sekondari, la kulia likafuata polepole, presha ya macho. Natembea na Bruno, mbwa mweusi niliyempata Johannesburg miaka ile nilipofanya kazi kule. Wana chama kinachofundisha mbwa wa kuongoza wasioona tangu 1953. Watoto wa Nyegezi wanamwita Buluno. Watu wengi wanadhani mbwa ndiye anayejua njia. Hapana, njia naijua mimi. Ndiye ninayemwambia kulia, kushoto, mbele. Kazi yake ni kukiona kilicho kati yangu na ninakokwenda: mtaro, bodaboda iliyopakiwa vibaya, tawi la mwembe lililo usawa wa paji langu. Na nikimwamuru aende penye hatari, amefundishwa kukaidi. Akivaa mkanda wake wa kifuani wenye mpini yuko kazini, haitwi, hapapaswi, halishwi. Akivuliwa ni mbwa kama mbwa wengine, anagaagaa kwenye vumbi.

Niliwapigia simu kabla. Nikaeleza yote haya. Aliyepokea akasema, "Hakuna shida mama, karibuni sana." Kwa hiyo nilikwenda Igombe roho nyeupe, mimi, Bruno na kijana wa kaka yangu, kwenye bajaji, tukaupita uwanja wa ndege, tukaanza kusikia harufu ya dagaa walioanikwa.

Sasa hapa getini.

"Mambo vipi kaka. Aisee, mbwa haingii."

Hiyo ilikuwa salamu ya kijana wa getini kwa kijana wangu. Wangu akamjibu, "Ongea na shangazi, mbwa ni wake."

"Basi muulize kama anaweza kumwacha kwenye gari."

Nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Niliisikia harufu ya pipi ya mnanaa aliyokuwa anaimumunya. Nikasema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kwamba tumekuja na bajaji, na kwamba huyu si mbwa wa matembezi. Akasema, "Mwambie mama humu kuna mbuzi, halafu kuna watu wanaogopa mbwa."

Mwambie mama! Sauti ya mtu huenda anakotazama, na yake haikunigeukia hata mara moja. Nina miaka hamsini na kitu. Huyu kwa sauti hajafika ishirini na tano. Hakunipa shikamoo. Ningeweza kusamehe kila kitu kilichofuata, lakini mtoto wa watu kusimama mbele ya mama wa umri wangu na kuniongelea kama mzigo aliobeba mwenzake, hilo limenikaa hapa mpaka leo.

Na simlaumu kwa kuuliza. Mbwa kwetu ni wa kulinda ua, wengi waliwahi kung'atwa utotoni, na kichaa cha mbwa si hadithi, kinaua watu. Ndiyo maana natembea na kadi ya chanjo yake mkobani. Marekani mhudumu anayemwona mtu na mbwa wa aina hii, na haelewi, anaruhusiwa kuuliza mambo mawili tu: je, anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kazi gani. Nusu dakika ningekuwa nimemaliza kujibu. Kwetu kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayokataza ubaguzi, lakini hata tuiache sheria kabatini. Heshima tu ingetosha. Ndani nilimkuta mama mmoja wa Kirumba, Mwislamu, mwenzangu wa Bagika. Alinisalimia, akanieleza waziwazi kwamba mate ya mbwa yatamlazimu aoshe nguo kabla ya kuswali, akaomba tusikae karibu sana. Nikamwambia Bruno hutembea kushoto kwangu, basi yeye akae kulia. Yakaisha. Tulishinda pamoja siku mbili, tukala sahani moja.

Pale getini tulisimama mpaka jua likaanza kuchoma, akaja kiongozi wao. Huyu walau aliongea na mimi. Akasema mbwa ataingia, ila kuna ada ya mnyama, shilingi elfu ishirini, na ili asivuruge hadithi watamtafutia nafasi: awe fisi wa mfumu. Wakaleta na manyoya ya bandia yenye madoa wamvike.

Nilikataa manyoya. Niliwaeleza kwamba mimi nitakuwa mchezoni, Bruno hayumo. Mwenye miwani huvaa miwani yake hata akiigiza mtemi wa kale, na hakuna anayeipa miwani jina. Akajibu, "Sawa mama, hakuna shida." Nikalipa kwa simu. Nikaamini yamekwisha.

Kabla sijaendelea lazima nimseme mzee wa chatu, maana bila yeye ningegeuza bajaji saa ileile. Tumeingia, nasikia sauti ya utu uzima, "Mwangaluka mayu." Nikaitikia. Akauliza, akiniuliza mimi: "Mbwa wako anamwogopa nyoka?" Nikamwambia sijui, hajawahi kukutana na chatu. Akasema basi kila mkipita nitamrudisha wangu guniani, nawe ukinisikia napuliza filimbi ujue yuko nje. Halafu akanieleza kuwa chatu wake naye akiwa uwanjani hashikwi na mtu mwingine, kwa sababu mnyama wa kazi ana bwana mmoja. Dakika mbili, tukawa tumeelewana kuliko na ofisi nzima ya waandaaji. Nilimuuliza chatu amelipiwa ada kiasi gani. Akacheka: yeye ndiye aliyelipwa kumleta.

Mchana ulipita tu. Mawe yalikuwa yanachoma nyayo za mbwa, tukakaa kivulini nikitabiria watu kwa vibuyu. Dagaa walikuwa wametandazwa mchangani hatua chache kutoka kwetu. Mbuzi wa mchezo waliwavamia mara mbili wakafukuzwa na wenye dagaa, Bruno hakugeuza shingo. Nilijivuna.

Usiku ndio mchezo wenyewe. Saa mbili, hakuna mwezi, na kanuni inasema tochi ni marufuku. Mnayajua mawe yetu: moja limelalia jingine, katikati mwanya unaoweza kummeza mtu. Wenzangu saba wa Bagika, mashujaa wote, hawakuweza kupiga hatua kumi bila kujikwaa. Nikawaambia shikaneni kanga, wa kwanza anishike bega. Mimi giza hilo ndilo ninaloishi. Mchana nilikuwa nimehesabu hatua kutoka kambini hadi mti mkubwa, na kutoka mtini hadi jiwe lenye ubaridi wa ziwa. Tukaenda kimya, wanasikika wanavyopumua nyuma yangu. Mahali fulani Bruno akasimama. Nikamwambia mbele. Akakataa. Nikarudia. Akageuka akasimama kiwiliwili mbele ya magoti yangu. Nikanyoosha mguu, kiatu kikakosa pa kukanyaga, hewa tupu, na kwa chini nikasikia maji yakilamba mawe. Tukazunguka kwa kulia. Tuliifikia ngoma kabla Bagalu hawajajua tumetoka kambini. Mama wa Kirumba alilia kwa furaha begani kwangu. Kwa saa tatu zile hakuna aliyekuwa ananisaidia. Mimi ndiye niliyewaongoza. Ningeandika usiku uleule, ningewapa nyota zote tano na kuwaombea dua.

Tulikuwa tunarudi na ngoma. Nikasikia vishindo upande wa kushoto, kisha mpini ukaruka mkononi mwangu. Mkuki ulikuwa wa sponji, haumuumizi mtu mzima, lakini ulimpata Bruno ubavuni, chini kidogo ya mkanda, na ukafuatiwa na wa pili. Halafu sauti ya kijana, kwa furaha isiyo na hila: "Pointi tano! Nimempata fisi!"

Walikuwa wametangaza. Kwenye mkutano wa asubuhi, mimi nikiwa nimempeleka Bruno kujisaidia nyuma ya mawe, kiongozi aliwaambia Bagalu wote kwamba mfumu ana fisi, na atakayempiga fisi mkuki anazoa pointi tano. Baada ya kuniambia sawa mama, hakuna shida. Manyoya sikuyataka, basi wakamvika fisi kwa maneno.

Na waache kuniambia ni mchezo. Tuko Usukumani. Mwanamke mwenye umri, macho yana kasoro, anatembea usiku, na mnyama wake anaitwa fisi. Vikongwe wameuawa kanda hii kwa kusingiziwa uchawi, wengine kosa lao macho mekundu ya moshi wa jikoni. Wanaoandaa mchezo wa mila za hapa hawawezi kusema hawayajui hayo.

Msichana mmoja mwamuzi alipiga ngoma mara tatu, ishara ya wote kusimama. Akaja mbio, akapiga magoti: "Mama, ameumia? Naruhusiwa kumgusa?" Aliniuliza mimi. Akachana kitambaa cheupe akakifunga kwenye mpini, akawatangazia wote kwamba penye kitambaa hiki hakuna mchezo. Kwenye michezo hii Ulaya na Marekani wamezoea alama kama hiyo, kitambaa cheupe kichwani maana yake mtu huyu kwa sasa si mhusika. Ni kipande cha kanga tu! Kingeweza kufungwa asubuhi pale getini, tena bure. Yule kijana wa mkuki aliniomba radhi hadi nikamhurumia; yeye alifuata alichoambiwa.

Bruno hakubweka wala hakukimbia. Lakini kesho yake alikuwa anasimama kila palipo na mtu aliyeshika kitu kirefu. Hata Nyegezi. Kwa wiki kadhaa, muuza miwa akipita na mzigo begani, Bruno anasita, na mimi nimesimama katikati ya barabara, daladala inapiga honi. Tumerudia njia zetu za kawaida moja moja, polepole, kama tulivyofanya siku za mwanzo. Mbwa mwongozaji akikosa kujiamini, anayebaki bila macho ni mimi.

Hata hivyo nilikuwa nimeamua kuwapa nyota tatu. Kwa ajili ya msichana wa ngoma, kwa ajili ya mzee wa chatu, kwa ajili ya usiku ule. Wazo lao ni zuri, na wenzangu wasioona ningewaambia nendeni, mtafurahi. Kisha kijana wa kaka yangu akanisomea tangazo lao jipya. Wameweka picha ya Bruno, na maandishi chini yake: "Fisi wetu kipenzi cha wengi." Nyota moja. Na hiyo moja ni ya yule msichana, wasijigawie.

Nimewaandikia. Picha itolewe. Elfu ishirini yangu irudi kwenye namba ileile iliyolipa. Kitambaa cheupe kiwe getini kabla sijafika, maana nitarudi, ngoma ile bado haijajua mwisho wake. Na yule kijana wa getini, kama bado yupo, aanze na shikamoo yangu, kisha ndiyo aulize habari za mbwa.