Uzoefu wangu: Hija ya Kedarnath kwa mtu wa pwani

Mtu aliyezaliwa na kukulia Mombasa hana budi kuipima safari ya Kedarnath kwa pumzi kwanza, kisha kwa mengine. Hekalu hili la Shiva, mungu wa Wahindu, liko katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, kwenye mwinuko wa mita 3,583, na barabara ya magari huishia Gaurikund, ambako hata mita 2,000 hazitimii. Kutoka hapo hubaki takriban kilomita 16 za kupanda kwa mawe na ngazi kando ya mto Mandakini, na huko juu kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko ya kwetu pwani.

Mimi nilipanda kwa miguu, na mama yangu alibebwa na wapagazi wanne kwa machela. Helikopta za kutoka Phata na Sersi hufika kwa dakika chache, lakini simshauri mtu wa pwani kuzitumia, kwa kuwa mwili haupati muda wa kuizoea hewa nyepesi, na mawingu yakitanda safari huahirishwa. Nyumbu sikuwapenda kabisa: wengi walionekana kuchoka, na wakipita humsukuma mwenda kwa miguu kuelekea korongoni, hivyo shika upande wa mlima. Tulilala Linchauli, kituo kilicho njiani, ndani ya hema, na usingizi huo ndio uliotufikisha salama.

Njia ya sasa si ile waliyopita wazee wetu. Mnamo Juni 2013 ziwa la Chorabari lilipasuka juu ya hekalu, na mafuriko yakaifuta Rambara, makazi yaliyokuwa njiani, pamoja na sehemu kubwa ya njia ya zamani, ndipo ikachongwa nyingine upande wa pili wa mto. Maelfu ya watu walikufa bondeni. Hekalu lilisalimika kwa sababu jabali lililoporomoka na kukwama nyuma yake liliyagawa maji; waumini wanaliita Bhim Shila, na leo nalo huabudiwa.

Foleni ilichukua saa nyingi, tena kwa baridi kali, na mbele ya lingamu yenyewe, alama ya Shiva, ambayo ni mwamba wenye umbo la pembetatu ambao mahujaji huupaka samli, tulipewa muda usiotosha hata dua moja. Hilo liliniudhi. Mama, aliyeingojea siku hiyo tangu ujana wake, hakulalamika.

Hekalu hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na hufungwa baada ya sikukuu ya Diwali, sanamu ya Shiva ikateremshwa mji wa Ukhimath kwa majira ya baridi. Mei na Juni umati ni mkubwa mno, na Julai na Agosti mvua huleta maporomoko ya ardhi. Kwa hiyo ningechagua mwisho wa Septemba au Oktoba. Jiandikishe mapema, kwa maana bila usajili utazuiwa Sonprayag, kabla ya kufika Gaurikund.