Sahani za rangi ya mchanga: ipi inahimili mchuzi wa Unguja?

Kutoka Paje hadi Nungwi, na katika mikahawa mingi ya Mji Mkongwe, sahani nyeupe ya kauri yenye ukingo mpana inapisha. Iliyoingia ni sahani nzito ya udongo isiyong'aa, ya rangi ya mchanga, jivu au mwani, yenye madoadoa na ukingo uliopindapinda kama iliyofinyangwa kwa mkono. Nyingi ni za kiwandani, na huko kutofanana kwake kumepangwa. Kwa samaki wa kuchoma na kachumbari zinapendeza kwelikweli: rangi ya chakula hujitokeza na mwanga wa jua hauakisi machoni mwa mlaji. Kazi ngumu huanza zikipakuliwa mchuzi.

Chakula chetu kina majimaji, nazi, ndimu na manjano. Sahani bapa ya sentimita 27 isiyo na ukingo ulioinuka haikukusudiwa pweza wa nazi. Mchuzi hukimbilia pembeni, na mhudumu akifika mezani kidole gumba kimeshachovya. Uzito nao si jambo dogo. Sahani ya namna hii hufika gramu 900 au zaidi, wakati ya kauri ya ukubwa huohuo ina kama 650. Mhudumu anayepanda ngazi za nyumba ya kale na sahani tatu mkononi anaijua tofauti hiyo kabla ya saa mbili ya usiku.

Doa la manjano ndilo linaloziua mapema. Kutong'aa hutokana na tabaka la kioo linalopakwa juu ya udongo kabla ya kuchomwa: likitazamwa kwa darubini lina vilima na mabonde madogo, na humo ndimo rangi inamojificha. Rangi ya manjano huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, kwa hiyo kuosha kwa maji baridi hakusaidii kitu. Osha kwa maji ya moto na sabuni mara tu sahani inapotoka mezani, na ikibaki umanjano ianike juani mchana mzima, maana jua huivunja rangi hiyo. Ile michirizi ya kijivu inayoachwa na uma na visu wengi huidhania mikwaruzo. Ni chuma cha uma kilichobaki juu ya uso mgumu wa sahani. Uji mzito wa bekingi soda na maji, ukisuguliwa taratibu kwa kitambaa, huiondoa. Ukisugua kwa majivu, mchanga au stilwaya unaukwangua uso wenyewe, na doa lijalo litaingia ndani zaidi. Uzuri wa mkakasi huo.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza, omba sahani moja ya mfano uipime. Ipime uzito ikiwa kavu kwenye mizani ya jikoni, iloweke saa 24, ifute vizuri, ipime tena. Sahani ya gramu 900 ikiongezeka gramu 9 imekunywa asilimia 1, na hiyo inafaa. Ikizidi gramu 27, yaani asilimia 3, iache. Udongo wake haukuchomwa kwa moto wa kutosha. Ulio mgumu kweli huchomwa kati ya nyuzi 1,200 na 1,300 za Selsiasi. Sahani inayokunywa maji hupata nyufa nyembamba kama utando wa buibui, hushika harufu ya samaki, na huunguza mkono ikitolewa kwenye maikrowevu. Halafu changanya kijiko cha chai cha manjano na mafuta na ndimu, paka ndani, iache usiku kucha, uoshe. Utakachokiona asubuhi ndicho utakachokuwa nacho baada ya mwezi mmoja wa kupakulia urojo.

Rangi kali ndani ya chombo, hasa nyekundu na ya chungwa, zitazamwe kwa hadhari. Muuzaji asiye na karatasi ya kupimwa madini ya risasi na kadmiamu asikuuzie bakuli la achari au urojo, kwa sababu ukali wa ndimu na embe huyatoa madini hayo kwenye rangi iliyochomwa vibaya. Na ile kauri nyembamba inayopitisha mwanga, inayouzwa ghali, mara nyingi ina majivu ya mifupa ya wanyama, kwa kawaida asilimia 30 hadi 50. Wateja wa hapa huuliza. Uwe na jibu.

Katika mtindo huu kipo chombo kimoja kinachostahili fedha yake bila shaka: sahani-bakuli ya sentimita 22 hadi 24, yenye kina cha sentimita 4 au 5, nje isiyong'aa, ndani inayong'aa. Inabeba biriani na rojo lake, mchuzi wa papa na hata bokoboko, na haishiki doa. Wazee wetu walilijua umbo hili. Karne ya 19 viwanda vya Maastricht, Uholanzi, vilileta pwani hii mabakuli ya maua, yenye kina na yenye kung'aa, nayo yalipendwa kwa kazi hiyohiyo.

Uma na vijiko vya rangi ya dhahabu au vyeusi vimekuja pamoja na sahani hizi. Chagua vya chuma cha pua cha 18/10, yaani chenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 10, maana cha 18/0, kisicho na nikeli, hushika kutu upesi kwenye hewa ya chumvi. Weka sumaku: kijiko kikinata kwa nguvu, ni cha 18/0. Kisu usikihukumu kwa njia hiyo, bapa lake hunata hata kikiwa kizuri. Usiviloweke usiku kucha kwenye maji ya kisima cha ufukweni. Chumvi huvitoboa vitundu.

Vifuu vilivyosuguliwa ni vizuri kwa kachumbari na karanga. Supu ya moto huvipasua. Vipakwe mafuta ya nazi, visipakwe vanishi. Sinia na kawa ya ukili havihitaji kubadilishwa na kitu chochote: pilau ya watu wanne kwenye sinia inapendeza kuliko sahani nne za kijivu.

Mkahawa wa viti 40 unatoshwa na sahani-bakuli 80 hadi 100. Ongeza kumi za akiba kwenye oda hiyohiyo, kwa sababu rangi hutofautiana tanuri kwa tanuri, na zile kumi za kununua mwakani hazitafanana na zilizopo kabatini.