Uzoefu wangu na Trachycarpus: mti wa jamii ya mnazi unaoishi nje Devon

Kama unaishi Uingereza, Ayalandi au pwani nyingine yoyote ya baridi na manyunyu, na moyo unataka mti wa jamii ya mnazi uani, nunua Trachycarpus fortunei, na ununue mdogo. Nalisema hili mwanzo kabisa ili asiye na nafasi ya kusoma mpaka chini asije akamwaga mamia ya pauni kwenye mti usiofaa. Wangu niliupanda nje hapa Paignton, pwani ya kusini ya Devon, Uingereza, Mei ya 2019. Tangu hapo haujaingizwa ndani wala kufunikwa, na leo umenipita urefu.

Nimekulia Pangani, kwenye minazi, kwa hiyo kuti lenye afya nalijua na kuti linaloteseka nalijua. Hilo ndilo jicho nililotumia kuukagua mti huu miaka yote hii.

Watu wa nyumbani hunisemesha kwanza kuhusu mnazi wenyewe. Shangazi yangu kila akiona uani kwangu kwenye simu huuliza, "Mwanangu, na nazi je?" Nazi hakuna. Mnazi unataka joto mwaka mzima, na hapa hata Julai mchana huishia nyuzi 20 na kidogo. Ile minazi inayouzwa madukani ikiwa bado imekaa juu ya nazi yake ni pambo la sebuleni la muda. Ukiitoa nje Oktoba, Krismasi huiti tena mnazi. Mtende wa tende nao usikudanganye. Ni kweli unavumilia usiku wa baridi wa jangwani, waulize jamaa zetu wa Omani, lakini ile ni baridi kavu inayofuatwa na jua kali. Baridi ya hapa ni ya maji. Mvua ya Novemba inaingia kwenye kilele cha mti na haikauki mpaka Machi. Ukishika jambo hilo moja, nusu ya shughuli umeimaliza: kwenye pwani kama hii kinachoua miti hii ni maji yaliyotuama na upepo zaidi kuliko baridi yenyewe.

Maana baridi yenyewe si kubwa hivyo. Paignton ipo nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta. Winnipeg, Kanada, upo kusini kidogo kuliko sisi, na kule Januari kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Sisi usiku mwingi wa Januari hatufiki hata sifuri. Ni bahari inayotulinda: upepo wa magharibi unapita juu ya Atlantiki, juu ya maji yaliyopata joto kutokana na mkondo unaotoka upande wa Ghuba ya Meksiko, ukitufikia una vuguvugu. Ndiyo maana bustani ya Inverewe, huko juu kabisa Scotland, ilianzishwa 1862 na mpaka leo ina mimea ya Australia na Nyuzilandi nje, na bustani ya Tresco, kwenye visiwa vya Scilly, ina miti ambayo London ingehitaji nyumba ya vioo. Lakini hata Tresco, theluji na baridi ya Januari 1987 iliangamiza sehemu kubwa ya mimea yake. Kwa hiyo ukichagua mti, chagua kwa kufikiria mwaka mbaya, usichague kwa kuangalia mwaka mzuri.

Trachycarpus umezaliwa kwa ajili ya mwaka mbaya. Asili yake ni milima ya China, mahali ambapo theluji inaanguka. Mkusanyaji mimea Robert Fortune aliutuma Uingereza 1849, ukafika Kew, bustani kubwa ya mimea ya London, na mmoja ukaenda Osborne, kasri la Malkia Victoria katika kisiwa cha Wight. RHS, chama kikubwa cha bustani cha hapa, kimeuweka daraja la H5, yaani unastahimili kati ya nyuzi 10 na 15 chini ya sifuri. Pwani hii hatufiki huko.

Umbo lake si la mnazi. Kuti ni la duara lililochanikachanika, linafanana zaidi na la mkoche, na shina ni moja, limenyooka. Shina hilo ndilo lililonivutia. Limevikwa vilifu toka chini hadi juu, vya rangi ya kahawia, vinene kuliko vya mnazi, na ukivishika baada ya mvua utakuta juu vimelowa na ndani pakavu. China walivisokota kamba na kushonea makoti ya mvua ya wakulima. Kuna wanaovivua ili shina libaki jeupe na laini, wanasema linapendeza. Mimi naona ni kuuvua mti nguo yake, na nawaomba wenye miti michanga waviache.

Sasa ununuzi wenyewe. Nilianzia kwenye kitalu kimoja kisicho mbali sana na hapa, wenye miti mikubwa ya kuvutia, shina linafika kifuani. Bei ilikuwa ya kufunga ndoa. Nikamwomba muuzaji anitolee mmoja kwenye chungu nione mizizi. Akasita, kisha akautoa, na udongo ukamwagika wote chini kama ulivyomiminwa: mizizi ilikuwa michache, imekatwa, mipya haijaanza. Miti mikubwa ya namna hii mingi hung'olewa shambani Italia au Hispania, mizizi ikapunguzwa, ikatiwa chunguni na kuletwa huku. Mti kama huo unaweza kupona, ila unakaa miaka miwili mitatu ukijiuguza, na majira yake ya kwanza ya baridi ndiyo ya hatari. Nilimshukuru nikaondoka.

Niliagiza kwa intaneti kutoka kwa mkulima mwingine ambaye miche yake hulala nje mwaka mzima. Hilo muulize kila muuzaji kabla hujalipa: mche umelelewa nje, au umetoka kwenye banda lenye joto? Wa bandani una makuti marefu, laini, ya kijani cha kung'aa, na upepo wa kwanza wa bahari unayavunja. Wangu ulikuwa kwenye chungu cha lita 10, urefu wa kiunoni kuhesabu na makuti, kwa bei isiyofika pauni 50. Ulifika ndani ya boksi refu, makuti yamefungwa kwa kamba yakielekezwa juu, chungu kimevikwa mfuko na kukazwa ili udongo usimwagike, na karatasi ya pasi ya mmea, ile hati ya kuonyesha ulikotoka, imebandikwa. Upakiaji naupa alama zote. Waliouleta ndio walioniudhi. Boksi lilikuwa na mishale mikubwa ya kuonyesha upande wa juu, na bado waliliacha limelala mlangoni, ncha za makuti mawili zikapinda. Muuzaji nilimwandikia, akajibu siku hiyohiyo na kunirudishia sehemu ya fedha bila mabishano. Nilipoutoa chunguni, mizizi ilikuwa imeushika udongo wote, myeupe, minene, imezunguka mpaka chini. Hapo nikajua nimepata mali.

Udongo wa kwangu ni ule mwekundu wa Devon, mzito, ukinyesha unashika kiatu. Sikuchimba shimo refu la kutuamisha maji. Niliinua tuta, nikachanganya changarawe nyingi, nikaupanda mche juu ya tuta usawa uleule uliokuwa nao chunguni, nyuma ya ukuta unaokata upepo wa kusini-magharibi. Kiangazi cha kwanza niliumwagilia kwa wingi, maana mti huu ukishaanza kukua unapenda maji mengi maadamu hayatuami. Mbolea ni samadi ya kuku ya punje kuanzia Aprili mpaka Agosti, na maji ya mwani mara mojamoja. Baada ya Agosti siupi kitu, ili usitoe makuti mapya yatakayokutwa na baridi yakiwa malaini.

Mwaka wa kwanza hutaona kitu, na hapa wengi hukata tamaa. Fanya hivi: chukua kuti changa la katikati, lile linalotoka likiwa bado limefumba, lifunge uzi usawa wa kuti lililo jirani yake. Baada ya wiki kadhaa za Juni uzi utakuwa umepanda juu ya jirani. Mti unakula, unakua, hausemi tu. Wangu ulishika kasi mwaka wa tatu.

Desemba 2022 ndiyo iliyonipa uhakika. Baridi ilikaa zaidi ya wiki nzima, barafu usiku, na mchana haiyeyuki kivulini. Mtaani kwetu kulikuwa na Phoenix canariensis mzuri sana, wa jenasi moja na mkindu wetu, ule tunaosukia mikeka. Makuti yake yote yaligeuka rangi ya majani makavu. Zile Cordyline ambazo ni alama ya miji ya Torbay, ghuba yetu hii, zinazopangwa kando ya barabara za pwani na watalii wakipiga nazo picha kama minazi, nyingi vilele vilioza, na baadhi zilichipua upya toka chini miezi ya baadaye. Kwa taarifa yako Cordyline asili yake ni Nyuzilandi na ni ya ukoo mmoja na mkonge wa Tanga. Uipende kwa hilo, ila usiinunue ukidhani umenunua mnazi. Trachycarpus wangu haukubadilika hata ncha.

Hata hivyo ukaguzi wa mwisho wa Februari usiuache. Shika kuti changa la katikati, livute taratibu kwa vidole viwili. Likikaza, shukuru Mungu uende zako. Likitoka mkononi, chini limelainika na linanuka, ujue kilele kimeanza kuoza. Kilele ni kimoja tu, kama cha mnazi, na kikifa chote mti umekwisha. Lakini mara nyingi uozo huishia juu. Wakulima wa miti hii hutoa kilichooza, wakamimina peroksaidi ya hidrojeni ya asilimia 3, ile ya kuoshea vidonda, ikachemka povu mle ndani, kisha wanauziba mvua kwa juu na kuuacha upate hewa. Phoenix ya mtaani ilitibiwa hivyo na ikatoa kuti jipya kiangazi kilichofuata.

Kuhusu kile kitambaa cheupe chepesi cha kufunikia mimea kinachouzwa kwa mikunjo kila Oktoba: mimi nakipa nyota tatu kwa tano. Kinaongeza joto la nyuzi mbili hivi kikiwa kikavu, na kikilowa kinashikilia maji palepale usipoyataka. Kwa Trachycarpus pwani hii huna haja nacho. Kwa Phoenix kifunge usiku wa barafu, asubuhi ikipita kifungue. Na wale wanaozungushia taa za mapambo ndani yake wapate moto kidogo, wakumbuke taa za LED hazitoi joto la kusaidia.

Pembeni ya mti huu nina mgomba wa Musa basjoo, na kwa mtu wa kwetu huo ni furaha tupu. Ni mgomba wa kusini mwa China. Majani huungua barafu ya kwanza, basi Novemba nalikata shina usawa wa kiuno, nazungusha wavu wa waya, najaza nyasi kavu, nafunika juu mvua isiingie. Mei unachipua, na Agosti majani yamepita kichwa changu. Ndizi zake hazifai kuliwa, ila majani nimefungia samaki wa kuchoma na wageni wamesifu. Ule mgomba mwekundu, Ensete, ambao jamaa zake wanaota porini kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, ni mzuri kuliko huu, lakini barafu hauiwezi kabisa. Inabidi ung'olewe Oktoba ukalazwe gereji mkavu. Asiye na gereji asiuguse.

Malalamiko yangu juu ya Trachycarpus ni moja: upepo. Makuti ni mapana, na dhoruba za Februari huyakunja ncha yakabaki yananing'inia. Haudhuriki, lakini mpaka Juni unaonekana umechoka. Kwa nyumba inayotazamana na bahari bila ukuta wala ua, mimi ningechukua ndugu yake, Trachycarpus wagnerianus, wenye makuti madogo magumu yasiyopinda, au Chamaerops humilis wa Mediterania, mfupi, unaotoa mashina mengi na kuvumilia hewa ya chumvi. Wowote utakaochukua, uagize kati ya Aprili na Juni ili mizizi ipate kiangazi chote, na mwombe muuzaji akutumie picha ya mizizi kabla hajafunga boksi.