Glaida ya foamu kwenye kusi ya Shela: uzoefu wangu baada ya msimu mzima

Assalam aleikum wapenzi wa mambo ya rimoti. Nmeulizwa sana na watu wa hapa Lamu na jamaa mmoja wa Malindi kuhusu ile ndege ninayorusha jioni kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kama ni drone, kama ina injini, kama naweza kumuagizia mtu, basi nmeona bora niandike yote mara moja. Si drone na haina injini hata ndogo. Ni glaida, bawa moja tu la sentimita 120 kutoka ncha mpaka ncha, mkia haina, na inakaa juu kwa upepo peke yake. Upepo ukitoka baharini ukagonga kilima hauna pa kwenda ila kupanda, na glaida inakaa palepale kwenye huo upepo unaopanda kama mwewe anavyotulia hewani bila kupiga mbawa. Betri iliyomo ndani ni ya kusukuma sevo mbili (vifaa vidogo vinavyosogeza mapanga ya bawa) na resiva (inayopokea amri za rimoti) tu. Mi nimekaa nayo saa nzima juu na ningeweza kuendelea, ni maghribi ndo ilinirudisha.

Ni seti ya kujiundia, unaletewa vipande unaunganisha mwenyewe. Muuzaji simtaji kwa sababu tulikosana kidogo tukamalizana, ila nitasema kila kitu kuhusu mzigo wenyewe. Mi nililipa 9,500 mpaka Mombasa, ukapanda basi hadi Mokowe, ukavuka na boti. Nilipofungua boksi hapo nyumbani roho ilinishuka, bawa la kulia limejikunja kama kiatu kilichoanikwa juani, sijui boksi lilikaa wapi na jua lile. Nikapiga picha nikatuma, jibu nililopewa ni kwamba foamu "itanyooka yenyewe". Haikunyooka yenyewe. Nilinyoosha mimi, nitaeleza vipi huko chini.

Ndani ya boksi kulikuwa na mabawa mawili ya foamu ya EPP (nusu ya kulia na nusu ya kushoto), fito mbili za kaboni faiba, vipande viwili vya balsa, ule mti mwepesi, vya elevoni (yale mapanga ya nyuma ya bawa yanayopanda na kushuka), vibawa viwili vya plastiki vya kusimama kwenye ncha, na karatasi moja ya maelekezo. Basi. Rimoti, resiva, sevo, betri, tepu na gundi unajitafutia, kwa hivyo usione bei ukadhani umemaliza, mi nilitumia karibu mara mbili ya ile bei kabla haijaruka hata mita moja. Wauzaji wangefaa kuliandika hilo kwa herufi kubwa.

Lakini hiyo foamu yenyewe naisifu kwa moyo wote. EPP si ile foamu nyeupe ya maboksi ya friji inayomeguka punjepunje. Hii ukiibonyeza inarudi, ukiipigisha chini inadunda, na gundi ya mafundi viatu haiili, wakati ile nyeupe ukiipaka gundi hiyo inayeyuka mbele ya macho yako. Mi nilitumia hiyohiyo gundi ya viatu, unapaka pande zote mbili, unangoja mpaka ukigusa kidole hakinati, ndo unagandanisha, na hapo hakuna kusogeza tena kwa hivyo lenga vizuri. Fito za kaboni nililaza kwenye mifereji iliyochongwa tayari, juu yake nikapitisha tepu ile ya nyuzi, halafu nikafunika bawa lote kwa selotepu ya rangi, juu njano, chini nyekundu, ili ikigeuka mbali nijue naona tumbo au mgongo. Nyeusi usitumie huku kwetu, inavuta joto bawa linajikunja. Na kule kujikunja nilikutengeneza hivi: mpwa wangu alishika bawa amelipinda kinyume kidogo, mi napitisha pasi ya moto mdogo juu ya tepu, tepu inajivuta, tunashikilia mpaka ipoe. Usiku mmoja mzima, lakini limenyooka mpaka leo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nataka mtu anayenunua hii seti alisikie kuliko yote, nalo ni uzani. Karatasi inasema glaida isawazike ukiishikilia kwa vidole viwili sentimita 20 kutoka puani. Nikapima, nikasawazisha hapo, nikapanda Shela na moyo unadunda, nikaitupa. Ikainua pua, ikasimama, ikaanguka kwa bega. Nikaitupa tena, ikainua pua, ikaanguka. Mara tano. Watoto wa ufuoni walianza kuniletea kama mpira. Nikadhani ni miksi ya elevoni kwenye rimoti (ile mipango ya kuyafanya mapanga mawili yafanye kazi pamoja) nimekosea, nikarudi nyumbani nikakagua kila kitu, sawa. Nikadhani upepo, ulikuwa sawa.

Ami yangu alikuwa nahodha wa mashua miaka mingi na amekimbiza mashindano ya mashua hapa Lamu tangu sijazaliwa. Jioni ile nimeketi barazani nimeshika ndege yangu kichwa chini, akapita, nikamwamkia, "Masalkheri Ami." Akaichukua, akaiweka juu ya vidole vyake viwili, akaitazama muda. Akaniambia, "Mwanangu, chombo hiki chaelemea nyuma. Pua yataka farumi." Farumi ni ule uzito unaotiwa chomboni kukisawazisha. Nikamwambia Ami karatasi imeandika sentimita 20. Akasema aliyeandika karatasi hayuko hapa, chombo kiko hapa. Akaniita ndani, akatoa chubwi za mshipi kwenye kopo lake, zile risasi ndogo za kuvulia, tukakata foamu kidogo puani tukazitia tatu, tukapima, tukaongeza moja. Sehemu ya kusawazika ikasogea mbele kama milimita 8. Milimita nane tu! Kesho yake nikaitupa, ikatoka mkononi ikanyooka kama mtu anayejua anakoenda, ikapanda kushoto, mi nimeshika rimoti mikono inatetemeka. Hakuna mlio wa mota, unasikia tu upepo unapita kwenye bawa, sauti nyembamba hivi kama mtu anapasua kitambaa mbali.

Kwa hivyo wewe ukinunua anza na pua nzito kuliko karatasi inavyosema, halafu punguza polepole. Njia ya kujua ni kupanda juu, uielekeze chini kidogo, uachie stiki. Ikijiinua kwa nguvu pua bado nzito, ikizidi kuzama pua nyepesi, wahi haraka uinue. Ikiendelea tu na njia yake au ikijiinua polepole, umepata. Glaida yenye pua nzito itakuwa mvivu tu, ila yenye pua nyepesi itakuvunjia moyo na vifaa.

Kuhusu mahali, wallahi sisi tumebarikiwa. Ufuo wa Shela una karibu kilomita 12 na vilima vya mchanga nyuma yake, na umeelekea huko inakotoka kusi. Kusi ikishika vizuri, mwezi wa 6 na wa 7, inapiga kilima uso kwa uso toka asubuhi, haikatiki katiki, haina miti wala nyumba za kuivuruga. Nasikia wenzetu wa bara Ulaya wanaendesha gari masaa kutafuta mlima ulioelekea upepo wa siku hiyo, sisi upepo una msimu na tunajua unatoka wapi. Kaskazi siipendi sana kwa pale, inakuja kwa ubavu, na tanga mbili, pepo zinapobadilishana, usihangaike kabisa, upepo hauna mwelekeo. Demani ikiingia upepo mpole, ndo wakati mzuri wa anayejifunza.

Kitu kimoja tu, ruka upande wa joshi, yaani mbele ya kilima kwenye uso wa upepo. Usiipeleke nyuma ya kilima, upande wa demani (si ule msimu, ni upande uliokingwa na upepo), kule upepo unaviringika unaikandamiza chini na hata ukivuta stiki yote haikusikii. Mi nimeipoteza mara mbili huko, mara ya pili nimeitafuta kwenye vichaka mpaka kiza.

Sasa mashindano. Kuna mchezo kamili wa hizi glaida duniani unaitwa F3F, uko chini ya shirikisho la kimataifa la michezo ya anga FAI. Mistari miwili imeachana mita 100 kwenye ukingo wa kilima, glaida inapita kutoka mstari mmoja hadi mwingine mara 10, jumla mita 1000, mmoja mmoja akipimwa muda, mwenye muda mfupi ndo mshindi. Ukishaitupa una sekunde 30 za kupanda kabla ya kuingia njiani, na kila ukivuka mstari king'ora kinalia ndo unageuza. Za kwao ni za kaboni zenye mabawa karibu mita 3, na upepo ukiwa mzuri wanashuka chini ya sekunde 40. Sisi tuko wanne, glaida mbili, tumepima mita 100 kwa kamba tukachomeka miti miwili, kila mti mtoto mmoja na kitambaa chekundu. Mwanzo walikuwa wanapiga kelele lakini upepo unachukua sauti, tukawapa firimbi. Mara yangu ya kwanza nilitoka na sekunde 94. Bora yangu mpaka sasa ni 67, siku moja ya mwezi wa 7 mchanga unapeperuka mpaka unauma miguu.

Na hiyo 67 ilitoka kwa farumi tena. Upepo ukiwa mkali glaida nyepesi inatikiswa tu pale juu haiendi mbele, ukiiongeza uzito inakata upepo na inakwenda kasi, bora upepo wenyewe uwe na nguvu ya kuibeba. Ni mambo yaleyale ya mashua na mifuko yake ya mchanga. Nimechimba shimo dogo palepale inaposawazika, natia risasi gramu 150, nafunika na tepu. Palepale, usiweke mbele wala nyuma, ukikosea umerudi kwenye shida ya mwanzo. Upepo ukipungua naitoa.

Ubaya wake sasa. Kwanza sevo, hizi za gramu 9 za meno ya plastiki ambazo muuzaji alinishauri, zimekufa tatu ndani ya miezi miwili. Mchanga wa Shela ni laini unapenya kila tundu, unasikia sevo inasema krrk, ujue jino limekwenda. Nimetia za meno ya chuma na nimeziba mdomo wa shimo kwa tepu, mpaka leo hazijanisumbua. Pili vile vibawa vya ncha ni vyembamba mno, vilivunjika wiki ya kwanza, nikakata vingine kwenye plastiki ya bango la kampeni lililobaki, na ni vigumu kuliko vya kwao. Tatu bahari. Ikianguka majini wahi, itie ndoo ya maji baridi (yasiyo na chumvi) uisuuze yote, toa betri, ianike kivulini. Mi siku moja nilichelewa kwa sababu maji yalikuwa yamejaa bamvua nikasubiri iletwe na wimbi, resiva ikaota kutu ya kijani usiku uleule. Bora urushe maji yakipwa, ufuo unakuwa mpana na una pa kutua.

Na uwanja wa ndege wa Manda uko hapo ng'ambo tu. Mi nasikia mlio wa ndege natua, sibishani, na sipandi juu sana maana upepo wenyewe wa kilima hauendi mbali. Kenya ina kanuni za vyombo visivyo na rubani tangu 2020, kwa hivyo uliza watu wa usafiri wa anga kabla hujaanza, na usirushe juu ya vichwa vya watu, foamu ni laini ila pua ina risasi.

Yule ndugu wa Malindi, mi ningekwambia nunua, ila agiza miezi ya kaskazi ili uwe umemaliza kuunda kusi ikiingia. Nenda Mambrui kwenye vile vilima vya mchanga, simama juu ya ukingo, rusha mchanga kidogo hewani uone kama unakurudia usoni. Ukipita kwa ubavu tafuta kilima kingine. Katikati ya mji usijaribu, na Malindi pia mna uwanja wa ndege.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeitoa kwa bawa lililojikunja na ile alama ya sentimita 20. Mpwa wangu nimeshamuagizia ya kwake, na kopo la chubwi la Ami limebaki nusu, kashaniambia nimrudishie kabla hajatoka kuvua.