Mafunzo ya SEO Mbeya: nendeni Jumamosi, Jumapili bakini nyumbani

Nimelipa 80,000, nimekaa siku mbili kwenye ukumbi mmoja karibu na Mafiati, na kwa kuwa wenzangu wenye tovuti za habari huku kwetu wananiuliza kama mafunzo yale ya SEO, yaani kuiandaa tovuti ionekane watu wanapotafuta Google, yanafaa, nawajibu wote kwa pamoja.

Mimi ni mtu wa magazeti ya karatasi. Huko kichwa cha habari kazi yake ni kumsimamisha mpita njia: kilio, fumbo, mshangao. Ndiyo maana makala yangu ya kimondo cha Mbozi niliiita "Mgeni Kutoka Mbinguni", na niliipenda kweli. Mkufunzi wa Jumamosi, kijana mdogo tu, akaniambia nifungue Search Console, ile huduma ya bure ya Google inayoonyesha watu waliandika nini mpaka ukurasa wako ukawatokea. Nilikuwa nimeshajiunga mwaka mzima, sijawahi kuichungulia. Kumbe wachache waliokutana na mgeni wangu walikuwa wameandika "kimondo kipo mkoa gani".

Hapo darasa likachangamka, maana swali lenyewe lina chanzo chake. Mbozi ilikuwa Mbeya hadi mkoa wa Songwe ulipoanzishwa 2016. Baba alifundishwa shuleni kwamba kipo Mbeya, mtoto anafundishwa Songwe, wanabishana mezani, simu inatolewa. Na makala yangu, ndefu vile, haikuwa na neno Songwe hata mara moja! Nikabadilisha kichwa palepale: "Kimondo cha Mbozi kipo mkoa gani, na unafikaje". Jibu nikaliweka aya ya kwanza, mgeni wa mbinguni nikamshusha ya tatu. Anwani ya ukurasa hatukuigusa, kwa sababu ukiibadilisha bila kuielekeza ya zamani kwenye mpya, wenye linki ya zamani wanagonga ukuta. Sasa wiki ya tatu, kila siku kuna wanaoingia. Si wengi, lakini sijawabembeleza kwenye kundi lolote la WhatsApp.

Kingine kilichonilipa ada yangu ni bei za viazi. Kila wiki nilikuwa nafungua ukurasa mpya wa bei za soko la Uyole, kurasa zangu zikawa zinagombania nafasi moja zenyewe kwa zenyewe. Sasa ninao mmoja: bei ya leo na tarehe juu, za zamani chini yake. Mkulima wa Isyonje anayetaka kujua kama ameonewa na dalali hana muda wa kupekua. Ya picha nzito zinazokula bando la msomaji mnayajua, siyarudii.

Kasoro ya Jumamosi ni moja: mifano ya Kiingereza mitupu, hoteli na bima. Chombo cha kuhesabu utafutaji kilitoa sifuri karibu kwa kila neno la Kiswahili tulilojaribu, na hakuna aliyetuambia kwamba sifuri ile si ushahidi kuwa watu hawatafuti.

Jumapili alikuja mwingine. Asubuhi nzima akatufundisha kujaza maneno kwenye lebo iliyofichwa ndani ya ukurasa, lebo ambayo Google ilitangaza 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Nikanyoosha mkono. "Mzee wangu, wewe jaza tu." Mchana akaanza kuuza furushi la linki za kulipia, yaani unatoa pesa tovuti nyingine ziweke linki ya kuja kwako, wakati kununua linki ili upande juu ni kuvunja kanuni za Google zenyewe, na tovuti inaweza kushushwa kwa hilo. Nikabeba sweta langu (ukumbi una baridi ya Kitulo, msiende bila sweta) nikatafuta bajaji.

Kulipia Jumamosi peke yake hawakubali, nimejaribu. Dada mmoja wa redio kutoka Tukuyu alichangia ada na mwenzake wakagawana siku, yeye akawahi Jumamosi. Nasikia mwenzake mpaka leo hamsemeshi.